Deki, Sabufa na "Matokeo ya Sauti": Uhakiki wa Istilahi za Kuunganisha Vyombo vya Nyumbani

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imeelekezwa zaidi katika masomo ya shule, sheria, utawala na sayansi. Istilahi za vyombo vya nyumbani aghalabu zimeachwa zijitafutie njia. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi moja dogo la istilahi hizo, yaani zile zinazohitajiwa na mtu anayetaka kuunganisha deki ya DVD, na hasa deki inayorekodi, na mfumo wa spika nyingi za nyumbani.

Mfano wetu tumeuchukua katika wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wenyeji wengi wa huko lugha yao ya kwanza ni Kiha, na hapo hapo wanaishi na watu waliosoma kwa Kifaransa kutoka Burundi na Kongo; kambi ya Nyarugusu ilianzishwa huko Kasulu mwaka 1996. Neno la Kiswahili linaloeleweka na watu wote hao limekwisha kupimwa. Pili, miji hii kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa majenereta, na mabanda ya video yalikuwa mahali pa watu wengi kutazama filamu. Baada ya gridi ya taifa kufika katika miaka ya 2020, vyombo vya sauti vimeongezeka majumbani, na pamoja navyo yameongezeka maswali ya namna ya kuviunganisha.

Hoja yetu ni kwamba istilahi ya kuunganisha vyombo haina budi kumwonyesha mtumiaji sauti inatoka katika chombo gani na inapokewa na chombo gani. Isipofanya hivyo, hata ikiwa imeundwa kwa mzizi safi wa Kibantu, haijatimiza kazi yake.

Mwelekeo wa sauti

Nyuma ya deki, televisheni na king'amuzi pana safu za matundu. Mengine hutoa sauti au picha, na mengine hupokea. Viwandani huandikwa OUT na IN. Katika karatasi za maelekezo zilizotafsiriwa, tumeona la kwanza likiitwa "matokeo" na la pili likiitwa "ingizo". Maneno haya yameundwa kwa kufuata kanuni za uambishaji, na mtu akiyasoma mezani hayaoni ubaya. Hata hivyo yana kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba yana wenyewe. Kila mwalimu ajua "matokeo" ni nini, na kila mzazi huyangoja baada ya mitihani. Msomaji anayeambiwa "unganisha waya na matokeo ya sauti" atafikiri juu ya jambo linalofuata baada ya sauti, wala hatafikiri juu ya tundu. "Ingizo" nalo limekwisha kuchukuliwa na watunga kamusi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kutoka na kuingia ni vitendo vinavyotegemea mahali aliposimama msemaji. Sauti inayotoka katika deki ndiyo hiyo hiyo inayoingia katika sabufa. Mtumiaji mwenye ncha mbili za waya mkononi haambiwi na maneno haya ashike upande gani. Kwa deki ya kurekodi tatizo linazidi, kwa sababu chombo hiki kimekaa katikati: hupokea picha na sauti kutoka king'amuzi, kisha hutoa picha kwa televisheni na sauti kwa sabufa. Kina matundu ya namna zote mbili, na mara nyingi yamepakana, yenye rangi zile zile: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Mtu akikosea, hapati sauti wala hapati rekodi, naye hudhani chombo ni kibovu.

Fundi wa Kasulu hasemi "matokeo" wala "ingizo". Husema, "hapa panatoa, hapa panapokea." Usemi huo watuelekeza kwenye jambo ambalo sisi wa istilahi tumelipuuza, yaani kauli ya kutendea. Kama tunavyosema kisu cha kukatia na chumba cha kulia, ndivyo tuwezavyo kusema tundu la kutolea sauti na tundu la kupokelea sauti. Maelekezo yatakuwa hivi: "Chomeka ncha moja katika tundu la kutolea sauti la deki, na ncha ya pili katika tundu la kupokelea sauti la sabufa." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini haimwachi msomaji njia panda. Mtu aliyezoea maandishi ya Kifaransa, "sortie" na "entrée", naye ataielewa bila kufundishwa upya, maana vitenzi "toa" na "pokea" anavyo tayari.

Sehemu na kitu kizima

Neno "sabufa" limeenea mijini na vijijini, wala hatuoni sababu ya kulipiga vita. Lakini watafsiri waliangalie kwa makini. Katika lugha lilikotoka ni jina la spika moja tu, ile kubwa inayotoa sauti nzito za chini. Katika Kiswahili cha Tanzania limekuwa jina la seti nzima: kisanduku chenye kikuza sauti ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili, tatu au tano. Hayo ni maendeleo ya kawaida ya lugha, ambapo jina la sehemu hupewa kitu kizima. Mtafsiri asiyeyajua huandika "unganisha sabufa na sabufa," na msomaji hubaki ameduwaa. Tunapendekeza "sabufa" libaki kuwa jina la seti kama watu walivyokwisha kukubaliana, na ile spika moja iitwe "spika ya besi".

Hatari zaidi ni "kipaza sauti". Mwenyekiti wa mkutano akiagiza kipaza sauti, huletewa kile cha kusemea. Msikitini au kanisani mtu akisema vipaza sauti vimefungwa juu ya paa, anataja vile vya kutoa sauti. Sabufa nyingi zina tundu la chombo cha kusemea, kwa ajili ya waimbaji na washereheshaji. Likitafsiriwa "tundu la kipaza sauti", mtu aweza kuchomeka humo waya wa spika. Aweza pia kuchomeka humo waya wa deki, na akapata sauti ya kukwaruza, kwa kuwa tundu hilo limetengenezwa kupokea mkondo dhaifu sana. Waya wenye nguvu ya kuendesha spika ukipelekwa katika tundu la kupokelea la chombo kingine, waweza kukiunguza. Hapa utata wa neno unamgharimu mtu fedha. Tunashauri "maikrofoni" na "spika" yatumike katika maelekezo yote ya kiufundi, na "kipaza sauti" kiachiwe mazungumzo, ambamo muktadha hukifafanua.

Kuhusu "deki", tusisumbuliwe na kwamba neno hilo lina maana nyingine ya kusafisha sakafu. Hakuna aliyepata kuagiza deki ya DVD akaletewa tambara. Tatizo lake ni kwamba linataja mashine mbili zenye kazi mbalimbali: ile inayocheza tu, na ile inayorekodi. Mtumishi wa halmashauri akiandika katika fomu ya manunuzi "deki moja ya DVD" kwa ajili ya shule inayotaka kurekodi vipindi vya televisheni, mzabuni atakayeleta mashine ya kucheza tu hatakuwa amevunja mkataba. Kiswahili kina "kinasa sauti" tangu enzi za kanda, na kwa mfano huo "kinasa DVD" ni istilahi halali ya kamusi na ya nyaraka. Katika maelekezo ya mtumiaji yatosha kusema "deki ya kurekodia" na "deki ya kuchezea".

Tano nukta moja

Juu ya masanduku ya sabufa huandikwa 2.1, 3.1 au 5.1. Msomaji aliyefundishwa hesabu husoma "tano nukta moja" kama desimali, akadhani ni kipimo cha nguvu. Watafsiri huiacha namba hiyo bila maelezo, na ndiyo iliyo kiini cha jambo lote. Tarakimu ya kwanza yahesabu spika za kawaida, na ya pili yahesabu spika ya besi. Kwa hiyo 5.1 ni njia sita za sauti: mbele kushoto, mbele katikati, mbele kulia, pembeni kushoto, pembeni kulia, na ya sita ya sauti nzito zisizozidi takriban mitetemo 120 kwa sekunde. Tunasema "njia" kwa makusudi, kwa kuwa "chaneli" imekwisha kuwa ya vituo vya televisheni.

Mfumo wenyewe tumeuona ukiitwa "sauti mzunguko" na pia "sauti zingira". Istilahi ya kwanza yaonyesha kwamba sauti inazunguka kama gurudumu, ilhali spika zimetulia mahali pake na msikilizaji yuko kati yao. Ya pili yakumbusha jeshi lililozingira mji. "Sauti ya pande zote" haina pambo, lakini mtu wa Kibondo na mtu wa Pemba wataielewa kwa namna moja.

Istilahi ikieleweka, kosa linaloenea huonekana. Waya mwekundu na mweupe huchukua njia mbili tu. Mtu akiziunganisha nyaya hizo na sabufa ya 5.1, spika tano zitalia, naye ataridhika. Lakini kilichotokea ni njia mbili kugawanywa kwa spika tano. Ili apate njia sita, hana budi kutumia nyaya sita, ikiwa deki ina matundu sita ya kutolea, ama atumie waya mmoja wa kidijiti unaobeba njia zote pamoja. Na aelewe kwamba deki za kurekodia za nyumbani kwa kawaida hurekodi sauti ya njia mbili. Kipindi kilichorekodiwa kutoka king'amuzi kwa nyaya za rangi hakitapata pande zote kwa kubadili waya baadaye.

Fundisho la king'amuzi

Waya wa kidijiti ukishachomekwa, deki huuliza swali katika orodha yake ya mipangilio, kwa maneno "Bitstream" na "PCM". Hapa tafsiri nyingi hunyamaza. Nasi tunaona Kiswahili kina jibu zuri. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, neno "king'amuzi" liliingia majumbani pamoja na chombo chenyewe, na sasa halina mshindani. Limefaulu kwa sababu lilitaja kazi: kung'amua kilichofichwa katika msimbo. Kwa mzizi huo huo, chaguo la kwanza liitwe "sauti isiyong'amuliwa", maana deki huituma kama ilivyo ili sabufa iing'amue. La pili liitwe "sauti iliyong'amuliwa", maana kazi imefanywa na deki. Hapo mtumiaji ataweza kujiuliza swali linalofaa dukani: je, sabufa hii ina king'amuzi cha sauti ndani yake? Ikiwa haina, sauti isiyong'amuliwa haitamfaa kitu.

Waya unaopitisha mwanga wahitaji uangalifu pia. Serikali hutumia "mkongo" katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Lakini Kasulu, ukisema "nimeletewa na Mkongo" au "nimeletewa mkongo," sikio halitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwa chombo cha nyumbani, "waya wa mwanga" watosha.

Hitimisho

Huenda wako watakaosema kwamba deki zinapungua, na kwamba vijana siku hizi huchomeka flashi tu katika sabufa. Ni kweli. Lakini kutoa, kupokea na kung'amua havitatoweka pamoja na deki. Televisheni mpya na spika zake zina matundu yale yale ya namna mbili, na atakayetafsiri maelekezo yake atakutana na "matokeo" na "kipaza sauti" kama tulivyokutana navyo.

Kanuni zetu za kuunda istilahi hututaka tuanze kutafuta katika Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda mbali. Tunaamini kwamba Kiswahili chenyewe ni pamoja na kile cha meza ya fundi wa Kasulu na Kibondo. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, watafsiri na maofisa ugavi wayatumie mapendekezo haya katika kazi zao, na watuandikie palipo na neno bora kuliko letu, wakitaja mahali lilipotumika na chombo kilichotajwa nalo.