Nafsineni na Mahubiri katika The Zealot Gene ya Jethro Tull

Mnamo Januari 2022 bendi ya Jethro Tull ya Uingereza ilitoa The Zealot Gene, albamu ya nyimbo 12. Wahakiki wa roki ya progresivu aghalabu huipima kazi ya namna hii kwa ufundi wa ala: je, filimbi ya Ian Anderson ingali na pumzi? Na nani ataliziba pengo la Martin Barre, aliyeipigia bendi hiyo gitaa kwa zaidi ya miaka 40? Maswali haya yana uzito wake. Hata hivyo, nyimbo hizi zilianzia katika maneno, na ni katika maneno ndimo zinamostahili kupimwa kwanza.

Mtunzi aliorodhesha hisia kuu za binadamu, kama vile hasira, wivu na upendo, kisha akatafuta vifungu vya Biblia vinavyozibeba. Msomaji wa tenzi hataiona mbinu hii kuwa ngeni, kwani visa vya Ayubu na Yusufu vimekuwa malighafi ya washairi wa pwani tangu zamani. Suala ni iwapo kisa kikongwe kilichovishwa vazi jipya kinasema jambo jipya.

Katika "Mrs Tibbets" kinasema. Rubani Paul Tibbets aliipa ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima mwaka 1945 jina la mamaye, Enola Gay. Anderson anakioanisha kisa hiki na maangamizi ya Sodoma na Gomora. Moto ulioshushwa na Mungu sasa unashushwa na mwana wa mtu. Na kwa kuuita wimbo kwa jina la mama, mtunzi anatulazimisha kuuliza hatia inaishia wapi. Hapa mwingilianomatini si pambo, bali ndio unaozaa maana.

Kinyume chake ni wimbo uliobeba jina la albamu. Unashutumu misimamo mikali ya kisiasa, na shutuma zenyewe ni za haki. Lakini nafsineni haijitengi na mtunzi, na msikilizaji haachiwi la kufanya ila kuitikia "amina". Maudhui mema hayatoshi kuufanya utunzi kuwa mwema.

Tofauti hii inadhihirika tukiirejea Thick as a Brick (1972). Shairi hilo moja la zaidi ya dakika 40 lilinasibishwa na mtoto wa kubuni, Gerald Bostock, na jalada lake likaundwa kama gazeti la mji mdogo. Hukumu kali juu ya jamii zilitoka kinywani mwa mtoto, nasi tukabaki baina ya kuamini na kucheka. Kinaya hicho ndicho kinachokosekana katika wimbo wa Jeni la Ushupavu, wala si wingi wa noti.

Hata hivyo, kazi hii haikukosa kukua. Upande wa pili wa Aqualung (1971) uliishambulia dini kama taasisi. Katika "Mine Is the Mountain" Mungu mwenyewe anapewa nafsi ya kwanza: mlalamikaji wa 1971 amempisha mlalamikiwa azungumze. Kwa hiyo wanaoiita albamu hii mwangwi wa ujana wanakosea, sawa na wanaoisifu kwa wema wa ujumbe wake tu. Inafaulu kila mtunzi anapomwazima mwingine sauti, na inadhoofika kila anapopanda mimbari mwenyewe.