Swali Linalobaki kwa Walio Hai

Kijana anapojiua, kuna swali ambalo kila mtu msibani analo na hakuna anayelitamka kwa sauti: nani alimfikisha hapo? Baba na mama hawatazamani machoni. Marafiki wanafungua simu kusoma tena ujumbe wa mwisho. Mwalimu anakumbuka siku aliyomwona amekaa peke yake, akampita kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Waandishi wa riwaya za vijana nchini Marekani wamelishughulikia swali hili kwa bidii tangu miaka ya 2000, na kadiri ninavyozisoma kazi zao ndivyo ninavyozidi kuuheshimu ufundi wenyewe: mwandishi anaanzia wapi, sauti anampa nani, lipi analificha na mpaka lini, na anafanyaje ili msomaji wa miaka kumi na mitano akifunge kitabu akiwa upande wa uhai.

Anayetajwa kwanza ni Jay Asher, na anastahili. Riwaya yake Thirteen Reasons Why ilitoka mwaka 2007. Clay Jensen anapokea furushi lenye kanda saba za kaseti. Sauti iliyomo ni ya Hannah Baker, mwanafunzi mwenzake aliyekwisha kujiua, naye anawataja waliomtendea: kila upande wa kanda una kisa chake, pande kumi na tatu kwa jumla. Asher amewahi kueleza kwamba wazo hilo alilipata kwenye makumbusho, akiwa amevaa kifaa cha sauti kinachomwongoza mgeni kutoka chombo kimoja hadi kingine. Ndiyo maana Clay anazunguka mji usiku kucha akiwa na ramani, na kila anaposimama anasikia yaliyotokea mahali hapo. Tazama anavyoupanga ukurasa: Hannah anasema sentensi mbili, Clay anajibu moja kimoyomoyo, Hannah anaendelea. Yanasomeka kama mazungumzo, lakini si mazungumzo. Clay anabisha, anaomba msamaha, anamsihi asifanye, na yote hayo hayamfikii mtu. Kwa mpangilio huo tu wa mistari Asher ameonyesha jinsi kuchelewa kulivyo.

Hata hivyo muundo huo ndio unaonitia wasiwasi. Kanda zile ni hati ya mashitaka. Marehemu amekuwa mshitaki, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja, na washitakiwa hawana pa kujitetea. Kijana aliyeumizwa anaweza kuondoka na fikra ya hatari: kwamba kifo kitampa usikivu ambao uhai ulimnyima, kwamba waliomdharau watakaa chini wamsikilize, walie, wajute, naye atakuwepo kuyafurahia. Hatakuwepo. Inaonekana Asher mwenyewe alilipima jambo hili, maana katika mswada wa awali Hannah anapona. Mwisho ule ulikuja kuchapishwa katika toleo la kuadhimisha miaka kumi ya kitabu. Na katika kurasa za mwisho za toleo tunalolijua kuna tendo dogo ambalo kwangu linazizidi kanda zote. Clay anamwona shuleni msichana anayeitwa Skye, ambaye siku hizi amejitenga na watu. Anamfuata na kumwita jina. Basi. Kanda zilikuwa zinahesabu nani alikosa. Clay anauliza nani yuko hai leo na ninaweza kumfikia.

Kitabu kilipogeuzwa kuwa tamthilia ya Netflix mwaka 2017, kamera ilionyesha tukio la kifo kwa kirefu. Wataalamu wa afya ya akili wakapiga kelele, na Julai 2019 kampuni ikaliondoa tukio hilo. Hofu hii ni ya zamani. Goethe alipotoa riwaya yake ya kijana Werther mwaka 1774, mji wa Leipzig uliipiga marufuku mwaka uliofuata kwa kuogopa vijana wangemuiga. Shirika la Afya Duniani linawashauri waandaaji wa filamu na michezo ya kuigiza wasionyeshe namna tendo lilivyofanyika na wasilifanye kuwa tunda la sababu moja. Nimeona waandishi wakilalamika kwamba ushauri wa namna hii unaibana sanaa. Mimi naona sanaa inaanzia hapo. Kukieleza kifo kwa undani ni kazi rahisi. Kukiacha nje ya ukurasa, na bado uzito wake ukajaa kila sura, kunahitaji mkono uliokomaa.

Mkono huo ninauona kwa Nina LaCour. Hold Still, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 2009. Caitlin amempoteza Ingrid, rafiki yake wa chanda na pete, na kitabu kimegawanywa kwa majira ya mwaka: kinaanza na majira ya joto, kinapita vuli, baridi na chipuko, kisha joto linarudi. Ingrid naye ameacha kitu nyuma, ila ni shajara, aliyoiacha chini ya kitanda cha Caitlin. Shajara hiyo haimwiti mtu yeyote kizimbani. Ina michoro, ina mapenzi kwa mvulana asiyejua kama anapendwa, ina siku nzuri na siku nyeusi. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo msomaji anaweza kulipita bila kuliona: Caitlin haisomi yote kwa mkupuo. Anajigawia kidogo kidogo, kwa kuwa siku shajara itakapokwisha hatakuwa na neno jipya tena kutoka kwa rafiki yake. Basi kasi ya hadithi inafuata kasi ya majonzi. LaCour hakuhitaji kutueleza kwamba huzuni ina mwendo wake. Ameutia mwendo huo katika mpangilio wa kurasa.

Na lawama je? Kuna mwalimu wa upigaji picha, Bi. Delani, aliyewapenda wasichana hawa wawili, ambaye sasa hata macho hamtupii Caitlin. Kwa kurasa nyingi tunamchukia pamoja na Caitlin. Baadaye tunatambua kwamba mwalimu yule naye amefiwa, na hajui aubebe vipi msiba wake mbele ya wanafunzi. LaCour alituachia tumhukumu mtu, kisha akatuonyesha kwamba hatukuwa na ushahidi. Hakuna mhusika anayesimama kutuambia tusihukumu. Tumejionea wenyewe tulivyofanya haraka.

Cynthia Hand, katika The Last Time We Say Goodbye ya mwaka 2015, amelikabili swali gumu kuliko hilo, yaani lawama ambayo mtu anajitwika mwenyewe. Lex ni hodari wa hisabati, na mdogo wake, Tyler, amejiua. Usiku ule Tyler alimtumia ujumbe wa simu. Lex hakuujibu. Hand anaificha siri hiyo kwa muda mrefu, tunaihisi kabla ya kuijua, na inapofunguka hamkaripii Lex wala hamwambii kwamba haikuwa kitu. Ujumbe ulikuja, haukujibiwa, na hakuna awezaye kujua jibu lingebadilisha nini. Msichana aliyezoea kupata jibu la kila hesabu anaachwa na hesabu isiyo na jibu. Hand mwenyewe alimpoteza mdogo wake kwa kujiua, na nadhani ndiyo maana hakukubali faraja ya haraka.

Fasihi yetu ina mfano wake, na wa siku nyingi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alimtoa Rosa Mistika, msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anamchapa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, naye akiisha kutoka mikononi mwa baba hajui jinsi ya kuishi na uhuru wake, mpaka anajitoa uhai. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, na waliosimulia marufuku hiyo hutaja zaidi mambo ya mapenzi. Mimi huvutiwa na hatua ya mwisho, pale mwandishi anapowapeleka baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake mzigo. Zakaria anapata nafasi ya kusema. Katika kanda za Hannah hakuna aliyeipata.

Lakini fundi ninayemrudia mara nyingi zaidi ni Francisco X. Stork, mzaliwa wa Monterrey nchini Mexico, mwandishi wa The Memory of Light ya mwaka 2016. Anaanza pale wengine wanapoishia. Vicky Cruz, mwenye miaka 16, anazinduka hospitalini huko Austin, Texas. Yuko hai. Daktari Desai anataka kumfahamu, na Vicky hana maelezo anayoona yanatosha. Mama yake alifariki kwa saratani. Baba ni mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi, na ameoa tena. Juanita, yaya aliyemlea, anasumbuliwa na maradhi ya viungo na yuko mbioni kurudi Mexico. Mwandishi mwepesi angeuchagua msumari mmoja kati ya hiyo akaupigilia. Stork anaiweka yote mezani na hachagui. Anamwacha Vicky aone aibu kwamba ana nyumba nzuri, hakupigwa, hakubakwa, na bado alitaka kufa. Kijana mwenye sonona huiona aibu hiyo kuwa ushahidi kwamba yeye ni mbovu. Polepole, kwa mazungumzo ya wodini, Vicky anaanza kuuona ugonjwa kuwa ugonjwa.

Baba naye ameandikwa kwa uangalifu mkubwa. Anasema yasiyofaa kwa sababu hajui, na kwa sababu anaogopa. Kumfanya katili kungekuwa rahisi sana. Wagonjwa wenzake Vicky, Mona, Gabriel na E.M., kila mmoja ana maradhi yake na hakuna aliye malaika. Kati ya Vicky na Gabriel kuna mvuto kidogo, ila Stork hauruhusu uwe dawa. Vicky anaporuhusiwa kutoka, anarudi nyumba ileile na shule ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua jina la kinachomsumbua na watu wa kuwaambia.

Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba habari za watu waliofikia kutaka kujiua kisha wakavuka salama zilihusiana na kupungua kwa vifo vya aina hiyo. Waliliita jambo hilo kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791, anayezuiwa na wavulana watatu wanaomkumbusha njia nyingine. Stork ameandika riwaya nzima ya kuvuka salama, bila kuupamba mto.

Ingefaa sana tuwe na kitabu kama hicho kwa Kiswahili. Huku kwetu kijana aliyenusurika amekuwa akikutana na polisi hata kabla ya daktari. Ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka kwamba kumwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua kunapingana na Katiba. Nawaomba waandishi wetu wa riwaya za vijana, na wachapishaji wenye ujasiri, watupe hadithi inayoanza asubuhi ya pili, kijana akiwa hai kitandani, mama akiwa pembeni hajui aseme nini.

Na wewe mwenye kijana anayesoma vitabu hivi, visome pamoja naye. Ukiona amebadilika, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, usimgombeze na usimwache peke yake. Kaa naye, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.