Ndege Namba 66: Walioachwa Nje ya Hadithi

Sehemu ya pili ya mfululizo wa televisheni Band of Brothers (2001) husifiwa kwa shambulio la Brécourt Manor, na wengi wetu tuliitazama kwa ajili hiyo. Makala hii inaangalia vifo vilivyotangulia shambulio hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, ndege ya C-47 namba 66 ilianguka Beuzeville-au-Plain, Normandy. Ndani walikuwamo askari wa miavuli 17 wa Kombania ya Easy, akiwemo kamanda wao, Luteni Thomas Meehan, pamoja na waendeshaji ndege watano. Hakuna aliyepona.

Kifani, tukio hili lina kazi moja tu katika mfululizo: kumwondoa Meehan ili Winters ashike uongozi. Ndege inawaka, inaanguka, na kamera inamrudia shujaa wake. Sipingi kuwepo kwa shujaa, kwani kila msimulizi humchagua wake. Hoja yangu ni kwamba kitabu cha Stephen Ambrose (1992), ambacho ndicho chanzo cha mfululizo huo, kina habari nzito zaidi. Rubani aliyekuwa akiruka nyuma alisimulia kwamba ndege ile ilipopigwa ilitoka kwenye msafara, ikageuka polepole, na taa zake za kutua zikawaka. Ilielekea kwamba ingetua salama. Kisha ikagonga ua wa miti na kulipuka.

Taa hizo zina maana kubwa. Mtu aliyekata tamaa hawashi taa za kutua. Humo ndani palikuwa na rubani aliyekuwa bado anapigania maisha ya watu 22, katika ndege isiyo na bunduki wala matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Mtazamaji akimkosa rubani huyo, anabaki na moto tu.

Pengo hilo lina athari nje ya sanaa. Katika maandishi yake, Ambrose aliwalaumu marubani wa usiku ule kwamba hawakuwa na mafunzo ya kutosha na kwamba waliyumbishwa na mizinga ya adui. Wakongwe wa vikosi vya usafirishaji walimpinga hadharani. Mfululizo ungeweza kuisawazisha picha hiyo kwa sekunde chache tu za ndani ya chumba cha rubani. Badala yake umeiacha ilivyo.

Mnara wa kumbukumbu pale kijijini umefanya haki ambayo skrini haikuifanya: umeandika majina ya waendeshaji pamoja na ya askari. Wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nasi wahakiki, tunapomsifu Winters kwa ushujaa wake, tuulize pia ni nani waliomfikisha yeye na wenzake juu ya Normandy, na ni wangapi kati yao hawakurudi.