Jina la Rangi na Unyoya wa Ndege

Kahawia ni rangi ya kahawa. Lakini kahawa ipi? Buni zilizoanikwa kwenye turubai Butembo, zilizokaangwa Beni, au ile iliyokwisha kumiminwa kikombeni? Jina hutuonyesha ukoo wa rangi tu. Rangi yenyewe yataka jicho. Kwa hiyo namsifu fundi mchonga ndege, anayelichukua jina la kale na kulitafutia mwenziwe katika makopo ya rangi ya leo.

Mwaka 1912 Mmarekani Robert Ridgway alichapisha kitabu chenye rangi 1,115, kila moja na jina lake na kipande chake kilichopakwa, ili wataalamu wa ndege wapate kuelewana. Kopo la dukani leo lina jina jingine kabisa, pengine namba tupu. Anayesoma maneno bila kutazama atapotea.

Ushahidi tunao hapa jirani. Mwaka 1913, huko Avakubi, Ituri, mtaalamu wa ndege James Chapin alipata unyoya uliopamba kofia, asijue ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wenye unyoya kama ule lakini wenye lebo ya tausi wa Asia. Lebo ilikosea, unyoya ulisema kweli. Ndivyo dunia ya sayansi ilivyomjua tausi wa Kongo.

Sasa mchonge tausi huyo, umpake rangi. Buluu yake si rangi iliyomo ndani ya unyoya. Ni mwanga unaovunjika juu ya weusi. Basi fundi hutangulia na nyeusi, akaiacha ikauke, kisha akapitisha buluu nyepesi, tabaka juu ya tabaka. Shorobo wa Rwenzori ni mwingine: wekundu wa bawa lake ni rangi halisi, yenye shaba ndani, nao hupakwa mzito, wazi.

Kila rangi hujaribiwa kwanza kwenye kipande cha mbao ileile. Rangi mbichi hudanganya, kwa hiyo hungojwa ikauke, kisha hutazamwa mlangoni kwa mwanga wa asubuhi, kando ya unyoya au picha nzuri.

Ndugu fundi, ukiipata rangi inayofanana, andika nyuma ya kibao hicho cha kujaribia: jina la kale, namba ya kopo, jina la ndege. Ndege utamuuza, kibao mwachie mwanafunzi wako.