Hesabu ya Kutoka Pasiansi Kurudi Kijijini

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Miaka hiyo 5 katikati ndiyo inayowavuta wengi wanaoishi Pasiansi, kata ya Ilemela iliyo kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Mwanza, kufikiria kufunga mizigo na kuhamia Sengerema, Magu au Ukerewe kabla nguvu hazijaisha. Kama safari hiyo itadumu au itamrudisha mtu mjini kwa watoto wake, huamuliwa na namna mafao yanavyopangwa, na mafao yenyewe yana kikokotoo chake.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ikibaki na sekta binafsi. Kanuni mpya za mwaka huo ziliibua malalamiko makubwa, zikasitishwa Desemba, na kikokotoo cha pamoja kikaanza Julai 2022. Miezi ya kuchangia hugawanywa kwa 580, ikazidishwa kwa wastani wa mishahara mikubwa ya miaka 3. Jibu ndilo pensheni kamili ya mwezi. Kikokotoo hicho kilipoanza, asilimia 33 ya pensheni hiyo iligeuzwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12, kisha mara 12.5, na asilimia 67 ililipwa kila mwezi.

Achukuliwe mtumishi aliyestaafu kwa kiwango hicho, aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa sh 1,200,000. Pensheni yake kamili ni takriban sh 745,000. Mkupuo unakuwa sh milioni 36.9, na kila mwezi anapokea sh 499,000. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF (kigawanyo 540, kizidisho 15.5, mkupuo asilimia 50) mshahara huohuo ungempa mkupuo wa sh milioni 74.4 na pensheni ya sh 400,000. Hasira ya watumishi inaeleweka, maana nusu ya mkupuo imeyeyuka. Lakini kwa anayekwenda kuishi kijijini kwa kubana matumizi, sh 99,000 zilizoongezeka kila mwezi ni ulinzi ambao mkupuo mkubwa haukuwapa wengi. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha sehemu ya mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50, na 35 kwa lililokuwa likipata 25; hesabu za hapa zinabaki kwenye asilimia 33 ya mwaka 2022.

Mkupuo ukishaingia benki, kazi ya kwanza ni kuugeuza uwe kipato. Hatifungani za serikali ndiyo njia iliyo wazi zaidi: kianzio ni sh milioni 1, mnunuzi hupitia benki au dalali wa soko la hisa, na riba hulipwa kila baada ya miezi 6. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, lakini Aprili 2022 riba ya matoleo mapya ilishushwa hadi 12.56. Hata kwa kiwango hicho cha chini, sh milioni 30 huzaa sh 3,768,000 kwa mwaka, yaani sh 314,000 kwa mwezi. Zile milioni 6.9 zilizobaki hukaa mahali zinapotoka haraka, kwa mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kwa sababu anayelazimika kuuza hatifungani sokoni wakati riba mpya zimepanda huuza kwa hasara.

Jumla ya pensheni na riba ni sh 813,000 kwa mwezi, ila si zote za kula. Riba ya hatifungani haipandi, na pensheni haijiongezi yenyewe kila bei zinapopanda. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, thamani ya shilingi hubaki nusu baada ya miaka 18, na aliyestaafu na 55 atakuwa na 73 tu. Kulinda mtaji wa milioni 30 kunadai asilimia 4 yake irudishwe kila mwaka: sh 1,200,000, sawa na sh 100,000 kwa mwezi. Wengi huanguka hapa, kwa kuwa pesa hiyo huonekana imekaa bure.

Anayeacha kazi kabla ya 55 ana mtihani mgumu zaidi. Pensheni humsubiri hadi umri huo, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiondoa kwa hiari yake. Akiwa na miaka 45 na matumizi ya sh 350,000 kwa mwezi, mtaji wa milioni 33.4 kwenye hatifungani ya asilimia 12.56 unaonekana kutosha. Akirudisha asilimia 4 ya kufidia bei, anahitaji takriban milioni 49.

Kijijini baadhi ya gharama hupungua kweli. Mihogo, viazi na mchicha hutoka shambani, na michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, hukaa ghalani miezi mingi. Dagaa hununuliwa wakati wa giza, wavuvi wanapovua kwa taa na soko kujaa. Mbalamwezi ikitoka uvuvi husimama na bei hupanda. Kuunganishiwa umeme kijijini kumekuwa sh 27,000, wakati mjini ilifika sh 320,960. Lakini ada, nauli, vocha, dawa na michango ya misiba hulipwa kwa fedha taslimu kulekule kijijini, na michango huongezeka, maana mstaafu hujulikana kuwa ana mafao. Bajeti inayopimwa kwa bei ya chakula pekee hudanganya.

Ardhi hutakiwa iwe imepatikana na nyumba imejengwa kabla ya kustaafu. Nyumba inayoanzwa kwa mkupuo huumaliza ikifika kwenye lenta. Kiwanja cha ufukweni nacho kina mtego: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtego mwingine ni vizimba vya sato. Biashara ni halali na ina faida kwa mwenye soko, ila sehemu kubwa ya gharama ni chakula cha samaki kinachonunuliwa kwa miezi kadhaa kabla ya mavuno. Mtaji wa kula uzeeni haufai kuwekwa majini.

Mwisho ni umbali wa hospitali. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa bima ya afya ya NHIF huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake kwa masharti ya mfuko, bila watoto; kwa wengine, bima ya CHF iliyoboreshwa kwa miaka mingi ilitoza sh 30,000 kwa kaya ya watu 6. Kadi haifupishi safari. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema hufika hospitali ya Bugando, Mwanza, bila kusubiri kivuko. Wa Ukerewe bado hutegemea ratiba ya kivuko, na kwa mwenye presha au kisukari tofauti hiyo ina uzito kuliko bei ya shamba.