Duara Halikatwi Kama Tikiti

Yale matangi matatu ya gesi ya King's Cross, London, mnayajua. Picha zake hazijaacha kuzunguka tangu fleti zilizojengwa ndani yake zilipokamilika mwaka 2018, na kila anayenirushia huongeza, "Umeiona kazi hiyo?" Nimeiona. Nguzo za chuma zinapendeza hadi basi, na ndani yake limo kosa la siku ya kwanza ambalo hakuna seremala wa kulinyoosha.

Kosa lenyewe ni kisu. WilkinsonEyre, walioshinda mashindano ya usanifu wake mwaka 2002, waliliweka duara mezani wakalikata kutoka katikati kwenda nje, kipande baada ya kipande. Mchezo uliishia hapo. Najua nitaambiwa fleti 145 haziingii kwenye matangi matatu kwa njia nyingine. Haziingii, kweli. Basi ilikuwa kazi ya msanifu kumwambia mwenye mradi kwamba haziingii.

Chukua fleti moja uitembee. Mlango uko upande wa ndani, kwenye korido inayozunguka uwazi wa katikati, yaani kwenye ncha ya kipande cha tikiti. Unaingia penye wembamba, na kuta mbili zinazidi kuachana kadiri unavyolikaribia dirisha. Sasa leta kitanda. Ukikilaza sambamba na ukuta wa kushoto, kimekuwa mshazari kwa ule wa kulia. Ukikiweka katikati, pembeni zinabaki pembetatu mbili za kuhifadhia ufagio. Kabati la mita tatu ukiliegemeza kwenye ukuta wa nje linagusa kwa ncha zake mbili tu, nyuma yake pana pengo la kumeza simu. Kwa hiyo kila kitu kitengenezwe kwa oda: kabati, meza ya jikoni, hata zulia.

Na oda ya mviringo naijua mimi. Niliwahi kusimamia kabati la ukuta uliopinda kwenye hoteli moja ya pwani. Fundi alikata katoni afuate umbo la ukuta, akapima, ikakataa. Akakata ya pili. Ya tatu ilikaa chini lakini ikaachia juu, maana ukuta ulipinda tofauti usawa wa kiuno na usawa wa kichwa. Tulilipia mbao za kabati mbili, tukapata moja.

Kuna waliolisifu wazo la vimo: majengo matatu yamepewa urefu tofauti, eti kuigiza tangi lilivyokuwa likipanda gesi ikijaa na kushuka ikitumika. Kwenye semina, makofi. Ila nguzo zile hazikuwa pambo wala hazikubeba tangi. Zilikuwa njia yake, zikiliongoza lisiyumbe linapopanda. Tangi lililoganda haliongozwi na chochote. Sasa nguzo 123 zimelizunguka jengo lenye miguu yake yenyewe, kama askari waliosahauliwa kwenye lindo la benki iliyokwishahama.

Nakiri, kazi ya kuzifungua nguzo hizo, kuzipeleka Yorkshire kukarabatiwa na kuzisimamisha upya ng'ambo ya mfereji haina doa.

Ugomvi wangu wa zamani ni na kuta za jipsam zinazoikata nafasi nzima vipande, na safari hii siombi radhi. Msanii Donald Judd alinunua 101 Spring Street, New York, mwaka 1968: jengo la chuma la 1870, ghorofa tano. Angeweza kulijaza vyumba. Akaipa kila ghorofa kazi yake, huku kula, huku kulala, huku kuchora, na sakafu akaiacha nzima. Msanifu Ricardo Bofill naye alikikuta kiwanda cha saruji nje kidogo ya Barcelona mwaka 1973, akabomoa sehemu kubwa, akabakiza maghala manane ya mviringo na kuyafanya ofisi. Duara likabaki duara. Mtaniambia hao walijijengea wenyewe, hawakuwa na fleti za kuuza. Haya, twendeni Vienna, kwenye matangi ya gesi ya 1896 hadi 1899. Wasanifu Coop Himmelb(l)au walipopewa moja, baadhi ya fleti walizitoa nje kwenye jengo lililopinda mgongo kando ya tangi. Sura yake siipendi hata kidogo, lakini walau walijua shida iko wapi.

Wahaya walijua zamani zaidi. Msonge ni duara, na ndani mna sehemu ya kulala, ya moto na ya mifugo, ila paa ni moja, kilele kimoja, na mwenye nyumba mmoja. Hakuna aliyempangishia jirani kipande chenye ncha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu liko hapo hapo King's Cross, hatua chache tu. Tangi namba 8, ndugu wa hayo matatu, wasanifu Bell Phillips waliliacha wazi mwaka 2015 likawa bustani: nyasi katikati, chuma kimezunguka, mbingu juu. Watoto wanakimbia mduara mpaka wanachoka, na hakuna anayeulizia pa kuweka kabati.