Jiwe Lichonge Lingali Bichi

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu wa pwani. Waashi wa kale wa Kilwa walijua kwamba hata jiwe lina ubichi wake.

Kutoka Kilwa Masoko unavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, na muda si mrefu umesimama mbele ya Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya yapata karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, aliupanua kuelekea kusini. Sehemu hiyo mpya ilikuja kuanguka, ikajengwa tena karne ya 15. Nguzo za pembe nane na makuba tunayoyaona leo yametokana na kazi hiyo ya pili.

Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, magumu na yenye matundu, yakashikanishwa kwa chokaa. Lakini kwenye kibla, kwenye miimo ya milango na kwenye matao, fundi alitaka jiwe jingine: tumbawe lililokatwa baharini lingali hai. Likitoka majini ni laini, linakubali tezo, linatoa ukingo ulionyooka na pambo dogo lisilovunjika. Likipigwa na upepo na jua, linakuwa gumu. Basi mwenye kulichonga hana nafasi ya kusitasita. Lazima awe amekwisha kuliona tao zima kichwani kabla maji ya bamvua hayajakupwa.

Chokaa nayo ina tabia kinyume. Magogo hupangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa hadi mawe yaungue. Kisha chokaa huachwa ipoe, inyeshewe, igeuke unga mweupe, ikae. Anayeiharakisha huona plasta yake ikipasuka. Fundi mmoja, kazi moja, saa mbili tofauti: jiwe linamkimbiza, chokaa inamkalisha chini.

Juu kulikuwa na mtihani mwingine. Dari la boriti za mikoko haliwezi kuvuka nafasi pana; yapata mita tatu, mti umekwisha. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba. Kwa kuba, fundi alimwaga chokaa na kokoto za matumbawe juu ya kiunzi cha mbao, akangoja ishikane, akaondoa mbao. Nafasi ikafunikwa bila boriti hata moja.

Kuba nalo hukalia nguzo, na mahali pa kuziweka hutegemea jengo ni la nani. Huko Athens, Wagiriki wa kale walimaliza hekalu la Parthenon mwaka 432 kabla ya Kristo. Kwao hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu. Watu walichinja sadaka nje, kwenye madhabahu. Kwa hiyo mwashi wao alizipanga nguzo kuzunguka jengo, zitazamwe. Kilwa, wanaoingia ni watu wenyewe, na wanasimama bega kwa bega. Nguzo zikaingia ndani pamoja nao, na kila nguzo ni kikwazo kwenye safu. Mwashi wa Kilwa ilimbidi apime mabega ya watu pamoja na uzito wa paa. Kwa nje aliacha kuta kavu, zisizojionyesha.

Magofu haya yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kati ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014. Anayeyakarabati vizuri hurudi kwenye chokaa, kwa maana saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huizuia chumvi ndani ya ukuta mpaka jiwe limomonyoke. Hivyo fundi wa leo naye anakalishwa chini na chokaa ile ile.

Ukikaribia kibla, tazama jiwe kwa karibu. Utaona vitundu vidogo vidogo vilivyojaa usoni pake: makazi ya viumbe waliokulia chini ya maji, wakageuzwa kuelekea Makka wangali wabichi.